Kioo cha Kichogo

Nilikinunua Ngara kwa bei ya kilo mbili za nyama,
kioo cha kichogo, kizito kama deni la karo,
kutoka studio iliyofunga mlango ikauza hata mapazia.
Ochwada, aliyebaki na funguo, alikipiga kofi mgongoni:
"Huyu hajafa. Amenuna tu."

Nikakipandisha hadi ghorofa ya nne, hapa Umoja,
nikipumua kila kona ya ngazi,
jirani akiuliza kama ninahamia au ninahama.

Kompyuta yangu, nyembamba kama chapati ya kibandani,
haina tundu linalomjua mzee huyu.
Mmoja anahesabu, mwingine anatiririka;
nani atawaketisha waongee?
Nikashuka Luthuli kutafuta mkalimani.
"Adapta ndiyo hii, dada," kijana akaniambia,
"lakini ukishavuka barabara, hatujuani."

Njano kwa picha. Nyeupe na nyekundu kwa sauti.
Nikachomeka: giza.
Nikachomoa, nikapuliza tundu kama mtu anayepoza chai.
Giza.
Nikaiambia kompyuta, una kioo cha pili, kitambue,
ikakataa kama mtoto anayeonyeshwa mjomba asiyemjua.
Nikapunguza ukubwa wa picha, nikapunguza tena,
maana mzee hasomi maandishi madogo,
ndipo kikaguna,
vumbi likanuka moto,
malaika ya mkono wangu yakasimama,
na harusi ya Kemunto ikafunguka kutoka katikati.

Ni yeye aliyenituma huku kote bila kujua.
"Wataitazama Keroka," alisema akilipa arbuni,
"kwa nyanya, kwa televisheni ya kichogo.
Hakikisha huko inaonekana."
Halafu, akiwa mlangoni:
"Kuna mtu mmoja usimwache nje.
Utamjua. Hapendi kamera."

Basi nikakaa katikati ya harusi mbili.
Hapa gauni lina ubuluu wa barafu; pale ni jeupe la maziwa.
Kwenye kompyuta Kemunto ameshasema ndiyo,
kwenye kichogo bado anafikiria.

Dakika ya arubaini na moja. Picha ya familia.
Kwenye kompyuta nahesabu watu kumi na mmoja.
Kwenye kichogo, kumi
na kiwiko.

Kioo hiki hula kingo.
Kila upande kinameza upana wa kidole,
na kwenye upana wa kidole, kulia kabisa,
amesimama mama wa makamo mwenye viatu vya kuazima
(ona kisigino kinavyotoka),
amebeba mikoba minne ya wanawake walio katikati,
mmoja mweupe, wa bi harusi.
Anaangalia kando, kama anayesubiri kuambiwa asogee.

Nikarudisha nyuma. Kanisani: ukingoni, na mwavuli.
Kwenye keki: ukingoni, na sahani.
Saa tatu nzima za kanda hii
na mpiga picha wangu hakuwahi kumweka katikati,
wala mimi, niliyeitazama mara sita
kwenye kioo kinachoonyesha kila kitu,
sikuwahi kumwona.

Nikaikunja picha yote ndani, kidogo kidogo,
kwa mshale wa kibodi, jicho likiwa kwa mzee,
hadi kiwiko kikapata bega,
bega likapata shingo,
hadi mkoba wa nne ukaingia.

Wenye televisheni bapa wataona ukanda mweusi pembeni.
Bwana harusi atanipigia simu kuuliza
kazi hii niliisomea wapi.
Sijui nitamjibu nini. Labda nitamwambia aende Keroka.

Mita ya stima imeanza kulia; tokeni zinaisha.
Nahifadhi kazi, mara mbili, kwa woga.
Kichogo kinazimika kuelekea katikati, kilivyowaka,
na nukta moja nyeupe inabaki kiooni,
inakawia,
ndogo kama mkoba ulioonwa kwa mbali.