Mkata Maini

Wameiomba kutoka Dodoma, iwafikie Ijumaa:
orodha ya kila alichochapisha Daktari Kalunde Ndekeja,
kwa mpangilio, na idadi ya kurasa.
Mwenyewe yuko Sikonge, anapima karanga.
Basi naichapa mimi, kwa vidole viwili,
Lugembe wa maabara ya chini,
hapa Tabora, nyuma ya jiko la hospitali.

Kazi yangu, mwaka wa ishirini na mbili huu, ni kukata maini.
Msicheke. Najua lugha yetu inasemaje
mtu akikukata maini.
Mimi nayakata kwa mashine, yakiwa yamezamishwa kwenye nta,
kipande chembamba kuliko ngozi ya kitunguu
kinaelea majini, nakidaka kwa kioo.

Namba moja. Sumukuvu katika karanga za ghalani.
Kurasa sita, na hazisemi
magunia tuliyavuta kwa baiskeli kutoka Isevya,
wala kwamba mama mmoja wa Ipuli alituuliza,
"Nikizitupa, watoto wale hizo karatasi zenu?"
Daktari aliliandika swali lile daftarini.
Kwenye namba moja halimo.
Limo, ukijua kusoma, kwenye namba tisa.

Namba tatu: seli za ini, zikiishi nje ya mwili.
Hapa nacheka peke yangu.
Alizileta kwa treni, kajokofu kamepakatwa
kama mtoto mwenye homa,
behewa limelala Itigi usiku kucha
naye anagonga vibanda akiomba barafu.
Zilifika hai. Ziliishi wiki tano.
Halafu umeme ukakatika, jenereta ikakohoa, ikanyamaza,
asubuhi tukazikuta zimejikunja,
zimeachia kioo, zinaelea kama pumba.
Hakulia. Aliinama kwenye hadubini saa nzima.
"Kumbe hushikana mikono," akasema.
"Njoo uone zinavyoachana."
Hiyo ndiyo namba nne.

Tano, sita, saba: homa ya ini kwa wajawazito.
Waandishi kumi na wanane, yeye wa kumi na mbili,
abiria wa behewa la nyuma.

Namba nane ina jedwali. Mstari wa kumi na saba:
mwanamume, miaka 41, mkulima wa tumbaku, Urambo.
Anaitwa Mihayo. Tulinyonya ziwa moja.
Jedwali halina safu ya hilo.

Tulimzika Jumanne. Alhamisi nilikuwa kwenye mashine,
nyumbani pole zilikuwa zimejaa mpaka uani.
Nilikata, nikabandika lebo:
17 kwenye kioo cha 71, 71 kwenye cha 17.
Hakuna aliyeona. Wahakiki hawakuona.
Ikachapwa, ikasifiwa, ikatajwa na watu wa mbali
ambao hawajui Urambo iko wapi.

Mwaka mzima nilitembea na nyongo mdomoni.
Kisha nikamwambia, saa ya chai.
Alinyamaza hadi chai ikaota utando.
"Vioo unavyo bado?"
Nilikuwa navyo.
Tulivisoma vyote upya, usiku kumi na moja,
yeye akitaja, mimi nikiandika,
na kila tulipokaribia kumi na saba
alikuwa anachukua kalamu, ananituma maji.

Namba kumi ni nusu ukurasa. Sahihisho.
Linasema lebo mbili zilibadilishana,
na hitimisho la pili halisimami tena.
Sababu: kosa la maabara.
Halikusema maabara ni nani.
Chini kabisa, kwenye shukrani, nimo,
mara yangu ya kwanza kuchapwa popote.
Wameandika Lugemba.

Fomu ya Dodoma inaagiza: masahihisho yasihesabiwe.
Nimeliweka hivyo hivyo, kati ya tisa na kumi na moja.
Nikilifuta, namba za chini zote zitapanda ngazi moja,
na kule kwenye jedwali, mstari wa kumi na saba,
atalala mtu mwingine.