Nyongeza

Nyanya alizitomasa nyanya moja moja,
pale Marikiti, jua halijakolea,
akinusa kila moja penye kikonyo
kama mama anusavyo utosi wa mwana.
Bi Rukiya mwenye meza hununa:
"Waniharibia, Mwanamkuu!"
Nyanya hajibu. Hufungua pindo la leso, hulipa,
kisha mkono uo huo hurudi, wazi:
"Na nyongeza?"
Pilipili mbili. Kishada cha dania.
Hakutoka sokoni bila nyongeza, hata siku ya msiba.

Mamangu alikuwa wa kwa Kassamali:
mafuta robo, sukari ndani ya koni ya gazeti,
daftari jekundu, jina letu kaliandika apendavyo.
Mwisho wa mwezi walibishana hesabu
hadi chai ikaletwa.

Mimi nabonyeza.
Nyanya ya pichani yang'ara, haina harufu.
Pesa zatoka simuni kimya kimya
kama paka aliyeiba papa.
Kikapu cha ukili kiko ukutani,
kazi yake kutunza chaja.

Leo, Tudor, honi ya pikipiki mlangoni:
"Wewe ndiye hamsini na saba?"
Ndiye mimi. Nikapokea. Nyanya mbili zimepondeka.
Sijui ulimi uliyatoa wapi:
"Na nyongeza?"

Kijana akanitazama. Akajipapasa mifuko,
akatoa ndimu, moja tu, ya kikohozi chake,
akanitilia kiganjani
akaondoka akicheka, sijamuuliza jina.

Ilikuwa ingali na joto.