Kesho Polepole

Tulikubaliana jana usiku, kwa maandishi:
kesho polepole.
Evaristo, daktari wa meno, akaongeza: polepole kweli,
na hilo "kweli" ndilo lililonitia shaka
nikaamka saa kumi alfajiri kupaka mnyororo mafuta.

Bogotá imelala chini yetu, imejifunika ukungu.
Tu watano, taa nyekundu tano.
Ofelia anasimulia harusi ya mpwa wake,
keki iliyoteleza, bwana harusi aliyeidaka kwa kifua,
nasi tunacheka, na matairi yanavuma.

Lakini mlima hauna adabu.
Kwenye kona ya kwanza, penye mikaratusi,
Wilmar muuza rangi anatangulia nusu gurudumu.
Nusu tu. Hakuinuka kitini, hakuinama,
anatazama ng'ombe kama mtu aliyetumwa kuwahesabu.

Sisemi kitu. Naziba pengo.
Analifungua tena.

Kuna lugha hapa ambayo hatukufundishwa shule:
gia inayobadilishwa taratibu ili isilie,
zipu inayoshushwa kana kwamba ni joto tu,
chupa inayonywewa pale pale mwenzio anapohema
ajue una mkono wa ziada.
Mimi nina silaha yangu, naikiri hapa tu:
kwenye mwinuko mkali huuliza swali fupi la jibu refu.
"Evaristo, ile kesi ya kiwanja cha mama iliishaje?"
Naye, kwa malezi yake mema, anajibu:
kiwanja... hakimu... akasema... mpaka...
nami natikisa kichwa kwa huruma,
nikipumua kwa pua kama mtakatifu.

Nyuma yetu sote, amejificha upepo, yuko Abelardo,
tarishi mstaafu, miaka sabini na moja,
analilalamikia goti lake tangu daraja la mto.
Goti hilo limeshatushinda mara tisa.

Maana mbele ni San Eleuterio,
na kabla ya San Eleuterio kuna kibao,
bati la kijani lenye kinyesi cha ndege.
Hakuna aliyewahi kusema tunashindania kibao.
Hakuna asiyejua nani alikifikia kwanza tangu Pasaka.

Kilomita moja. Harusi inafia katikati ya sentensi.
Mita mia tano. Ng'ombe hawahesabiwi tena.
Mia mbili, na goti linapona:
Abelardo anachomoka kushoto, mdomo wazi,
Ofelia mgongoni pake, mimi mgongoni pa Ofelia,
mapafu yangu mfuko wa misumari,
na kibao

hakipo.

Wamekin'goa, barabara inapanuliwa.
Yamebaki mashimo mawili na saruji iliyomeguka,
tukayapita bila kuyaona, macho yakitafuta mbele,
tukalipita kanisa,
tukalipita duka la mikate ya jibini
tulikopanga kunywa maji moto ya sukari guru.
Mwenye duka, kitambaa mkononi, alianza kutupungia
akauacha mkono hewani.

Nani apunguze?
Mwenye kupunguza ndiye aliyeshindwa,
na mwenye kushinda hana pa kushindia.
Tukashuka bonde nisilolijua, tukapanda lingine,
watu wazima watano, wenye mikopo ya benki na wajukuu,
tukiufukuza mstari uliomo kwenye lori la manispaa.

Kilomita kumi na moja, kisha: paa!
Pancha. Gurudumu la Evaristo.
Ewe msumari, uliyekuangusha abarikiwe.

Tulisimama kwa upendo mkubwa.
"Pole, ndugu. Pole sana. Tupumzike, hakuna haraka."
Mate yamekauka, mapaja yanacheza yenyewe.
Hakuna aliyeuliza tumefikaje huku.
Abelardo alilikumbuka goti, akaketi kwenye nyasi.
Ofelia akaimalizia harusi huku akijaza upepo,
akahesabu chini kwa chini,
akafunga kifuniko.
"Pampu mia na kumi," alisema. Kusema tu.

Wilmar aliitazama pampu.
"Imejaa kweli hiyo?" akauliza. "Hebu toa upepo, nijaribu."

Nami nilikuwa nimeshavua glavu.