Mwombolezaji wa Nne

Kwenye orodha yao naitwa Mwombolezaji wa Nne.
Elfu kumi na tano kwa siku, chai, maandazi mawili,
na kaniki ya kuazima inayonuka sabuni ya mtu mwingine.
Mwaka, wamesema, ni hamsini na mbili.
Basi nimevua saa, simu nimeificha kwenye nyasi,
na nyaya za umeme juu ya Mvumi
kuna kijana atazifuta baadaye kwa kompyuta,
kana kwamba hazijawahi kutufikia.

Tembe wamelijenga kwa siku tisa.
Mlango wake ni mzuri kuliko wowote niliowahi kuingia,
ila nyuma ya mlango hakuna nyumba:
kuna mbao, magunia, na mpishi anamenya vitunguu.

Marehemu ni mzee wa ng'ombe mia mbili.
Hakuzaa wa kiume.
Amelala chini ya shuka, anapumua kwa wizi;
inzi akimtua puani, tunarudia.
"Lieni." Tunalia.
Mara ya kwanza nililia kwa ufundi.
Mara ya sita nikamkumbuka baba,
na bwana wa kamera akaninyooshea dole gumba:
"Hivyo hivyo, mama. Usibadilishe."

Ndipo anatoka Sechelela, binti wa marehemu.
Yeye ni wa Tabata, jua letu limemchubua pua,
lakini akisimama pale, anasimama.
Baba mdogo anamwambia,
"Mali haivai kaniki. Nitakushikia mpaka uolewe."
Hajibu upesi. Anawatazama ng'ombe,
mwekundu, mwenye baka, yule wa pembe moja,
kama mtu anayesoma barua yake mwenyewe.
"Unishikie nini, baba mdogo?
Mikono ninayo."

Mara nane alilisema,
kwa sababu ya upepo,
kwa sababu ya bodaboda iliyokatiza mwaka hamsini na mbili,
kwa sababu dume moja lilikunya mbele ya kamera.
Na mara nane, wa tatu kutoka kushoto,
nililisema naye bila sauti.

Mimi siku yangu nilisema nini?
Shamba la zabibu la baba, ekari mbili na nusu,
mistari kumi na minane niliyoipogoa kwa kisu cha jikoni.
Kaka Ndahani alikuja na karatasi na kidau cha wino.
"Nakushikia tu, dada."
Nikamuuliza kama amekula.
Nikampakulia mlenda, nikafuta dole kwenye kanga.
Wino ulitoka kabla vyombo havijakauka.
Zabibu huvunwa mara mbili kwa mwaka.
Nimehesabu, nikiwa barabarani, mavuno kumi na manne.

Jioni mrithi akaomba nimmiminie maji anawe.
Ng'ombe wake walikuwa thelathini na mmoja, wa kina Malogo,
wakizungushwa nyuma ya kichuguu mpaka watoshe.
Nikamuuliza, mwisho anakuwaje?
"Mwisho tuliupiga Jumanne," akasema, "kabla baba hajafa.
Nazeeka. Ng'ombe wanarudi, nakaa mlangoni, nakunywa maziwa."
Peke yako?
"Peke yangu." Akapangusa uso. "Lakini maziwa ni yangu."

Kaniki wakaihesabu, wakaichukua.
Kilio hawakukirudisha.
Elfu arobaini na tano, noti ndogo ndogo,
nikazifunga kwenye pindo na kupita njia ya shambani,
ile ambayo miaka saba nimeizunguka.
Mizabibu ilikuwa haijapogolewa. Magugu mpaka magotini.

Taa kwa Ndahani ilikuwa inawaka.
Nikasimama. Nyuma ya mlango huu ipo nyumba,
ipo meza, lipo kabati, ipo karatasi yenye dole langu.
Nikajaribu sauti.
Mara ya kwanza upepo uliichukua.
Nikarudia.