Maua Yaliyokwisha Kazi

Mvua ya kwanza ilinyesha Alhamisi.
Siku ya kumi, Jumapili, kengele ya misa haijalia,
mlima wa Kalinzi uliamka mweupe
kama mtu kamwaga unga wa muhogo gizani
akaogopa kusema ni yeye.

Harufu iliingia kwangu bila hodi,
ikapita juu ya chungu cha maharage,
ikalala kwenye nywele za mtoto.
Nikabeba kikapu, mbio, shambani kwa Leokadia.

"Mwakeye," nikamwamkia.
Aliitikia huku anatazama kikapu.
"Ua moja ni punje mbili za kahawa.
Ukijaza hicho, umechuma sare ya shule ya Nestori.
Ngoja nyuki wamalize.
Yakidondoka, yako."

Nikangoja.
Nilitandika kanga chini ya mibuni,
ile ya harusi yangu, iliyofifia maandishi
hata mgeni kafutika,
pamebaki *mwenyeji apone*.
Nyuki walikuwa na shughuli zao.
Siku ya tatu yakaanza, moja, moja,
yamekunjika, kahawia pembeni,
maua yaliyokwisha kazi.

Nayalaza juu ya mafuta ya mise, kwenye sinia,
usiku mmoja, nayaondoa;
nalaza mengine, nayaondoa.
Mafuta hujifunza kama mwanafunzi mzito:
taratibu, lakini akishika kashika.
Naongeza mchaichai unaoota nyuma ya choo cha shule
(usicheke, hapo ndipo unaponukia kuliko kote),
tangawizi kidogo, nta kiasi cha ukucha.

Sitakudanganya: ile ya Jumapili alfajiri
sijaipata, na mwaka wa sita huu.
Ninayoikamata ni ya ua lililokwisha zaa.
Bibi mmoja wa mjini alinusa kifundo cha mkono,
akanusa tena, akasema,
"Ina uchovu ndani yake."
Nikamfungia chupa mbili.

Na mafuta hayakushuka na mvua.
Yanatoka Mwandiga, uani kwa Perepetua,
wanawake watano juu ya magunia,
jiwe juu ya jiwe, wanapasua mise:
ko-ko, ko.
Ko-ko, ko.
Kiini beseni, kifuu chini,
na umbea katikati.

Kaka yangu Ntakije huzoa vifuu.
Huvikata kwa msumeno wa chuma, huvisugua juu ya jiwe la mchanga,
huvipaka mafuta yale yale yaliyovikimbia,
mpaka viwe vyeusi kama jicho la mbuzi usiku.
Pete hizo. Shanga hizo.
Zamani nilizitunga mstari tu, kama foleni ya bomba.
Hata siku moja, nimekaa uani na sindano,
nikaona vidole vinawafuata bila kuniuliza:
mbili karibu, moja mbali.
Mbili karibu, moja mbali.

Machi, jiwe moja lilinyamaza.
Perepetua alikwenda Heru Juu kumzika dada yake,
akakawia.
Wanne wakaendelea,
lakini zamu yake ilipofika, mikono ilisimama hewani,
pumzi moja, ndipo ikashuka.
Hakuna aliyewaagiza.
Nami nikafunga fundo tupu, nikaendelea.

Mkufu ule niliupeleka Kigoma siku ya treni.
Mzee wa miwani akauhesabu kwa kidole:
"Hapa shanga imedondoka. Punguza bei."
Nikasema haikudondoka.
Nikasema hapo ndipo palipochukua muda.
Akaurudisha.
Akanunua pete ya elfu tatu, akalia njaa hadi getini.

Mei, Perepetua karudi, kakonda.
Nikamvisha mkufu, sikueleza kitu.
Kidole gumba kikatembea juu ya shanga,
mbili, moja, mbili, moja,
kikafika penye fundo.
Kikakaa.

Kisha akavuta gunia lake, akapapasa chini, akakunja uso:
"Jiwe langu nani kalihamisha?"