Kupogoa

Korosho zikishauzwa na mvua ikishakata,
tunapogoa. Hapa Newala hatuulizani.
Tunayaondoa matawi yanayogombania jua,
na mti, badala ya kufa, unazaa.

Nasema hivi kwa sababu ya Somoe,
mwenye miezi kumi na minne, anayelia kwa lugha zote.
Siku ya kliniki, nesi akimpima kichwa kwa utepe,
aliniambia: mtoto huja na vijia vingi
kuliko atakavyohitaji,
kisha ubongo wenyewe unaanza kupogoa.
Kijia kisichopitwa kinaota nyasi.
Basi nikawa namsemesha kama mwendawazimu:
huu mwiko, hili jivu, huyu kunguru mwizi,
nikikanyagakanyaga humo kichwani mwake
nyasi zisije zikaniwahi.

Kaka yake, Chande, ana kumi na sita.
Ameruka ukuta wa shule. Ameendesha pikipiki ya watu,
haina breki, mpaka Kitangari.
Nilipomuuliza ulikuwa unawaza nini,
alinijibu kwa unyoofu kabisa: "Sikuwaza."
Nikamgusa paji la uso. Nyuma ya mfupa huu, wanasema,
kuna chumba kinachoezekwa mwisho;
mtu anafika miaka ishirini na tano
mafundi bado wako juu ya paa.

Na mama.
Picha ya kichwa chake alipigwa Mtwara.
Daktari aliielekeza kwenye mwanga, hakuwa na haraka.
"Unaijua korosho ya mwaka juzi, ukiitikisa sikioni?
Kiini kimesinyaa, kinagonga ganda."
Nikasema naijua. Nimebangua tangu nina miaka sita,
vidole vyangu bado vina madoa ya mafuta yake.

Huku hakuna aliyeshika panga.
Matawi yanaanguka yenyewe, na lililoota mwisho
ndilo linalotangulia:
jina la Somoe, kisha la Chande,
kisha bei ya chumvi, kisha mimi.
Kiswahili chake kinapungua kila juma;
chini yake Kimakonde kimesimama, shina tupu.
"Medi," anasema. Maji.
Bomba liko uani, hatua tisa. Halioni.

Usiku wa Alhamisi alitoka na ndoo.
Alishika njia ya zamani, ile ya kushuka bondeni,
waliyoikanyaga wanawake kabla ya mabomba, kabla yangu.
Mimi ningeamka, ningemzuia.
Ningeona mawe, nyoka, magoti yake,
ningefunga komeo, na ningekuwa na haki.
Chande hakuwaza.
Alimwona akitoka, akachukua ndoo ya pili, akamfuata.

Walirudi jua limeshapanda.
"Hakukosea hata jiwe moja," Chande alisema.
"Giza lote lile. Mimi ndiye niliyejikwaa."
Ndoo ya bibi nusu, ya mjukuu imejaa.
Mama akaketi, akachota kwa kata, akamnywesha Somoe,
"medi," akisema, "medi,"
na yule mwenye nafasi ya kila sauti
akalitafuna neno, akalitema,
akalisema.

Nilikuwa nimesimama mlangoni na ukali wangu tayari,
nimeushika kama panga,
sijui tawi lipi.