Zamu ya Usiku, Gevgelija

Kwenye semina ya Skopje walitugawia kalamu,
wakatuonyesha ramani yenye mishale myekundu
inayopanda kutoka kusini na kupita tumboni mwetu
kama chakula kisichotulia.
"Nchi ya kupitia," alisema mkuu, "ni mlango usio na komeo.
Anayepita leo humjui. Kesho utaulizwa wewe."
Niliandika. Si uongo.
Februari nilimtia pingu Blagoj Ristevski,
tulikaa dawati moja darasa la tano:
chini ya shehena yake ya pilipili hoho, watu kumi na wanane,
mmoja hapumui,
na simu tatu mfukoni mwake zikilia kwa zamu.

Usiku huu wa mvua ni Zarwali.
Naweka kidole chake juu ya kioo. Mashine inakataa.
Cha pili. Inakataa.
Anatabasamu kidogo, ananifunulia viganja:
tanuri la matofali, tangu ana miaka sita,
udongo umelamba mistari yote
vikabaki laini kama mgongo wa kijiko.
Taifa zima linataka kumshika
na hana pa kushikwa.

Jina, naandika. Umri, anakisia.
Kiatu cha kushoto kimefungwa kwa waya.
Nachomoa kamba ya buti langu la akiba, ya kijani,
nampa. Hilo siandiki.
Alfajiri gari linawarudisha kwenye tundu la uzio.

Bibi Dosta alivuka hapa kabla pajawa na uzio,
mwaka wa arobaini na nane, ana miaka saba,
ameshikishwa mkono wa mtoto asiyemjua.
Hakuwahi kusema "mpakani."
Alisema "pale nilipodondosha mkate."

Waliosema mgeni njoo, mwenyeji apone,
hawakupangiwa zamu ya usiku.

Alhamisi, saa tisa, reli inatutemea watu kumi na mmoja,
matope hadi magotini.
Kioo kinakataa kidole. Kinakataa cha pili.
Mashine inasema: huyu hajawahi kuonekana.
Nachungulia chini ya meza.
Kamba ya kijani, mafundo mawili.

Fomu inauliza: Amewahi kuvuka? Ndiyo. Hapana.
Ananitazama kama hanijui, au anajitahidi asinijue.
Kalamu ni ile ile ya Skopje.
Haitoi wino.
Naitikisa.